Debe la Fukusi

Kinyaa changu hakifichiki. Nikiona mdudu kwenye chakula mdomo unapinda wenyewe, mate yanajaa, na neno linatoka kabla sijalipima. Nikikata embe nikakuta funza, natupa embe na kisu pamoja. Sasa mtu wa namna hiyo, kati ya nyumba zote za Dodoma, ndiye aliyekwenda kupanga chumba kwa mwanamke anayefuga fukusi. Wale wadudu weusi wenye pua ndefu wanaotoboa nafaka, ndio hao hao. Na wala si kwamba walimzidi nguvu. Anawafuga kwa kukusudia, ndani ya debe, na chakula anawapa.

Nikisimulia hili watu huniambia naongeza chumvi. Basi ngoja nianzie mbali kidogo.

Nauza unga wa lishe. Nafaka nasagisha mashineni, halafu nachanganya na kufungasha kwenye chumba cha uani pale Uhindini, katika nyumba ya bibi mmoja mjane. Kazaliwa hapa hapa Dodoma. Marehemu mumewe alikuwa akinunua karanga za Kongwa. Watoto wamekwenda nchi za mbali, wamemwita mpaka wamechoka. Yeye anasema vumbi la Dodoma limeshamzoea. Ukimpa shikamoo anaitikia marahaba, kisha anakuongezea "mbukwenyi" ya Kigogo, na wewe huna budi kucheka.

Mtaa mzima unamwita Mhindi na kumaliza hapo. Mimi nilikuja kujua kwamba ni Mjaini, mfuasi wa dini moja ya kale ya India, siku nilipomkuta anachuja maji ya kunywa kwa kitambaa cheupe kilichokunjwa. Alipomaliza akakigeuza kile kitambaa, akakisuuza taratibu kwenye pipa lile lile alilochotea.

"Bibi, umeuchuja uchafu halafu unaurudisha?"

"Si uchafu, mwanangu. Ni wenyeji wa maji. Nawarudisha kwao."

Mwee! Nilitema mate pembeni. Chai aliyonikaribisha siku hiyo sikuinywa, nilisingizia tumbo.

Ndivyo nilivyoanza kufundishwa bila kuomba. Wajaini, aliniambia, hawamtaji Mungu aliyeumba dunia. Kwao dunia haikuanza na wala haitakwisha. Wana walimu ishirini na wanne waliojishinda nafsi zao, wakawaonyesha wengine pa kuvukia, na wa mwisho wao aliishi India zamani sana. Mimi Mwanglikana wa Haneti, niliyemezeshwa katekisimu nikiwa na kamasi puani, nikamwuliza: sasa asubuhi unapoinama mbele ya kisanamu cha chumbani mwako unamwomba nani? Akasema haombi kitu. Anajikumbusha tu kwamba inawezekana.

"Inawezekana nini?"

"Kuishi bila kudhuru."

Nikasema moyoni, upweke huu umemwingia kichwani, maskini.

Kwa Bibi kila kitu kina roho. Mti, maji, moto na udongo vina hisi moja, vinajua kuguswa basi. Nyungunyungu ana mbili. Sisimizi na fukusi wana tatu: wanagusa, wanaonja, wananusa. Nzi anaongeza kuona. Sisi na mbuzi tunazo zote tano. Ndiyo maana nyama hali, samaki hali, yai hali. Hayo nilimeza. Lakini kitunguu hali! Kiazi hali, karoti hali, kitunguu saumu ndiyo usimtajie, eti ukiking'oa umeua mmea mzima pamoja na viumbe wasiohesabika walioko shinani. Nilionja mchuzi wake mara moja. Nikamwambia, Bibi, hiki si chakula, hiki ni adhabu. Akacheka mpaka akashika ubavu.

Na dhambi kwao si kosa linaloandikwa mbinguni. Ni vumbi. Vumbi jembamba lisiloonekana, linaigandia roho kila unapomuumiza kiumbe, na likikukuta na hasira au tamaa ndiyo linashika zaidi, kama unga kwenye mkono wenye jasho. Hapo aliutazama mkono wangu, maana nilikuwa nimetoka kufungasha. Roho ikipukutika vumbi lote, alisema, inapanda juu na haizaliwi tena.

"Yangu mimi itabaki chini na magunia," nikamjibu.

Mende akionekana jikoni kwake anasindikizwa nje kwa kipande cha karatasi. Nimeyaona hayo kwa macho yangu: mtu mzima, mgongo umepinda, anamfungulia mende mlango. Mimi nikimwona mende wa kwanza navua kandambili. Tulikubaliana kwamba mende wa chumba changu ni wangu, wa kwake ni wake, na mpaka ni kizingiti.

Mwaka jana baada ya mavuno mama yangu alikuja kutoka Haneti kwa ajili ya macho. Alitibiwa hospitali ya Mvumi, kisha akakaa kwangu ninakolala, si mbali na Uhindini, apone. Mbegu yake alikuja nayo kwenye mfuko wa kitenge alioukumbatia safari nzima, maana nyumba aliyoiacha ina panya wengi kuliko watu. Ulikuwa mtama mwekundu. Kijijini amebaki yeye tu anayeupanda. Wengine wamehamia mbegu za dukani zinazokomaa upesi. Huu wa mama unachelewa, tena una uchungu kidogo, lakini ndege kwelea kwelea wakishuka wanaupita wanakwenda kwa jirani. Aliachiwa na mama yake.

"Ikipotea hii," aliniambia, "usije ukaniambia utanitafutia nyingine. Haiko popote."

Nikaitia kwenye ndoo yenye kifuniko, nikaiweka chumbani Uhindini. Na kila jioni mama, macho yamefungwa bandeji, swali lake ni moja: "Mbegu yangu haijambo?"

"Haijambo, mama."

Ilikuwa haijambo mpaka siku nilipofunua kifuniko nikasikia. Fukusi wakiwa wengi unawasikia, wanachakarisha. Nilipotumbukiza mkono wakanipanda mpaka kwenye kiwiko. Yowe nililopiga lilimtoa Bibi chumbani. Nikamwambia naenda kununua vidonge vya gesi, nitie ndani ya ndoo, nifunge, niwamalize wote, mama zao na wajukuu zao.

"Usivitie vidonge katika nyumba hii," akasema. "Nakuomba. Niachie mimi, nitawatoa."

"Utawatoaje, Bibi? Hawa ni jeshi!"

"Mmoja mmoja."

Ukweli vidonge vile si vya mchezo, gesi yake inaweza kumuua hata mtu aliyelala chumba cha pili, na chumba cha pili ni chake. Nikakubali kwa shingo upande. Akaketi barazani na ungo, akawa anawaokota kwa ncha ya unyoya wa kuku aliyeupukutisha mwenyewe, na kila aliyempata akamtia kwenye debe kuukuu lililokuwa katika pembe ya stoo.

Ndipo nilipolichungulia debe. Mungu wangu! Mchele, uwele, ngano, vyote vimekuwa vumbi la kijivu, na vumbi lenyewe linatembea. Lilikuwa na joto. Likanuka kama pumzi ya mtu aliyelala na njaa. Kumbe kila mdudu aliyepatikana katika nafaka ya nyumba ile kwa miaka yote hupelekwa humo, na kila baada ya muda Bibi anawaongezea konzi la chakula.

"Wamezaliwa katika nafaka," akaeleza, kama anayezungumza habari za wajukuu. "Ukiwatupa juani watakufa. Kwa bibi yangu huko India kulikuwa na chumba kizima cha namna hii."

Chumba kizima! Nilitapika. Sisemi kwa mfano, nilitapika kwenye mchongoma wake.

Wiki iliyofuata nilimpeleka mama Mvumi kuangaliwa macho. Niliporudi nikakuta ndoo imefungwa, ndani punje safi, nyekundu, zinang'aa, na fukusi hata wa dawa hakuna. Bibi alikuwa amezipaka mafuta ya nyonyo, yale wanayonyweshwa watu waharishe, kama mama yake alivyomfundisha. Mdudu hapendi mafuta yale, hafi, anakwenda zake tu. Harufu ilikuwa nzito, lakini nilifurahi, lazima niseme. Nilimletea machungwa.

Kisha zikaja siku zao za kufunga, siku nane, wanaziita Paryushan. Bibi hakula kitu. Maji yaliyochemshwa, tena mchana tu. Midomo ilimpasuka, macho yakaingia ndani, na bado asubuhi anajifunga kitambaa mdomoni asije akaumiza vidudu vya hewani kwa pumzi, anasoma sala zake. Hilo lilinichukiza kuliko debe. Mimi nimezaliwa Ugogo. Njaa naijua kwa sura. Namkumbuka mama akiinjika sufuria ya maji matupu ili tusinzie tukidhani kuna kitu kinaiva. Kwetu njaa haialikwi, inakuja yenyewe inakaa. Sasa mtu ana unga, ana samli, ana maziwa, anakaa katikati ya vyote hivyo na kukausha matumbo kwa hiari yake! Nilishindwa kumtazama. Nilipitia mlango wa nyuma siku zote zile.

Siku ya mwisho wao huombana msamaha, na si wao kwa wao peke yao. Alizunguka nyumba nzima akiomba msamaha, mpaka kwa mpapai. Akanijia viganja vimekutana kifuani. "Mwanangu, kama nimekukosea, kwa kujua au kwa kutojua, kwa neno, kwa tendo au kwa wazo, nisamehe."

"Aa, Bibi, una kosa gani wewe?" nikajibu, mikono ikiendelea kufunga mifuko. "Nimekusamehe, kale ulale."

Mwezi wa kumi na moja mawingu yalianza kujikusanya. Mama alikuwa anaona. Akataka mbegu yake aijaribu kabla ya kurudi kijijini, na kuijaribu ni kuviringisha punje kwenye kitambaa kibichi, kukiweka penye joto na kusubiri zichipue. Alikikunjua kitambaa mbele yangu, juu ya meza. Punje zilikuwa vile vile. Akarudia na nyingine. Hizo zikaota ukungu, zikawa na utelezi. Akazipeleka puani.

"Nani kaipa mbegu yangu dawa ya kuharisha?"

Nilitaka kucheka, kisha nikaona ameketi chini, sakafuni, ameukumbatia mfuko wake mtupu wa kitenge.  

Usilolijua ni kama usiku wa giza. Wajaini hawalimi. Jembe linakata viumbe walioko udongoni, kwa hiyo tangu enzi za mababu zao wengi walichagua duka na mizani. Bibi ameishi na nafaka maisha yake yote, anaijua kwa gunia, kwa kibaba, kwa harufu. Mbegu hakuwahi kuishika. Kwake mtama ni chakula, na chakula ukikipaka mafuta kinakaa. Mbegu ukiipaka inakosa pumzi. Hilo nalielewa leo. Siku ile sikuelewa kitu. Nilitoka kwangu mbio na lile tambara bichi mkononi, nikamkuta barazani, nikalibwaga mapajani mwake.

"Imekufa! Mbegu ya mama yangu yote umeiua!"

Alizitenga punje kwa kidole. "Nimeua," akasema, taratibu, kama anayejaribu neno la lugha ngeni.

"Fukusi umewabeba kwa unyoya! Eti wana hisi tatu! Na hii je? Si wewe uliyesema hata mmea unajua ukiguswa? Ama kweli nyani haoni kundule. Narudisha msamaha wangu, Bibi. Unasikia? Naurudisha wote!"

"Chukua," akasema. "Sikuiona kuwa hai. Niliwaona wanaotembea tu."

Upole ule ndio ulionitia wazimu. Nikaingia stoo, nikalipiga teke lile debe likaanguka, fukusi wakamwagika sakafuni, nami nikainua mguu niwasage. Nikaona wekundu. Ndani ya vumbi lile la kijivu, huku na huku, mlikuwa na punje nyekundu. Kavu. Hazing'ai.

"Bibi! Mtama huu umetoka wapi?"

"Ni ule ule. Nilipowahamisha niliwapa na chakula chao, makonzi kadhaa, kabla ya mafuta. Si vizuri kumhamisha mtu bila chakula chake."

Nilirudi kwangu mbio kumwita mama. Akaja, akachuchumaa, akaangalia lile rundo linalotembea bila hata kukunja pua. "Chagua," akaniamuru.

"Mama, mimi?"

"Macho yangu mapya haya daktari kasema nisiyachoshe. Chagua wewe."

Nikachagua. Sikupewa hata glavu. Mikono yangu yote miwili iliingia kwenye lile joto, na walinitembea vidoleni, chini ya kucha, mmoja akanifikia shingoni. Nilikuwa nalia kwa kinyaa, kamasi zinanitoka, na kila punje niliyoipata nzima nilimpa mama, naye akaigeuza kwenye mwanga kutafuta tundu. Nyingi zilikuwa maganda. Bibi aliketi mbele yangu akiwakusanya waliomwagika.  Zilizopatikana nzima hazikujaa kikombe cha chai. Mama akazijaribu chache kwenye kitambaa, na zilipotoa vijimkia vyeupe nilizitazama mpaka zikaniogopesha.

Bibi alikuja kwangu kwa miguu kumwona mama. Alimwomba msamaha kwa Kigogo cha kubabaisha, na mama akamwambia, dada yangu, yamepita. Lakini kwa Bibi hayakupita. Kwao ukikosa kosa kubwa unajinyima kitu. Akatutangazia kwamba tangu siku hiyo hatatia nafaka mdomoni mpaka mtama ule uvunwe.

"Nani kakuomba?" nikafoka. "Na mvua ikikataa?"

"Basi."

Ebo! Mtu amekuulia mbegu, halafu anakutundikia na tumbo lake! Bibi mwenyewe si mlaji. Jua likizama hatii kitu kinywani, hata tone la maji, maana gizani anaweza kumeza kiumbe bila kukiona. Ukimwondolea chapati na wali anabaki na dengu, maziwa na matunda, kwa mtu wa umri ule. Mama alisikitika kwa namna yake: "Anataka kufa juu ya mtama wangu, huyu." Akarudi Haneti, akapanda vijimistari vyake karibu na mlango, akavizungushia miba.

Mvua zilianza vizuri, kisha zikakatika mwezi wa pili, kama kawaida yake. Nikawa mtu wa kwenda Haneti kila nilipopata nafasi, kubeba maji kwa ndoo kumwagilia mtama, jambo ambalo Mgogo akikuona anakucheka. Nikirudi Bibi ananingojea langoni. "Haujambo?" Haujambo, Bibi. Vifundo vya mikono yake vilibaki mifupa, bangili zikawa zinamteleza mpaka kwenye kiwiko. Nilimkasirikia. Nilikuwa nikikaa na wateja namkasirikia, nikilala namkasirikia. Jirani akaniuliza kwa nini nahangaika na Mhindi asiye ndugu yangu, nikamtukana yule jirani.

Mtama ukazaa. Masuke mekundu, mazito, na kwelea kwelea waliposhuka wakaupita kama wanaoudharau. Mama aliweka mbegu kwanza, akaipaka majivu, akaifunga. Kilichobaki akakisaga mwenyewe kwenye jiwe, unga wa kujaza bakuli, akanikabidhi. "Mpelekee. Ale mbele yako, umwone anameza."

Gari lilipata pancha njiani. Nilishuka Dodoma jua limeshainama, nikatembea nusu nakimbia, sijatia kitu tumboni tangu uji wa alfajiri. Bibi alinifungulia. Nilimsukuma pembeni bila salamu, nikaingia jikoni kwake, nikawasha jiko, nikabandika maji aliyoyachuja yeye. Nikakoroga. Yeye alisimama dirishani, ameshika nondo, anatazama nje upande wa magharibi. Harufu ya mtama ule ikajaa jikoni, ile ya uchungu kidogo, ya kwetu, na nikamsikia anameza mate.

Uji ukatokota. Nikamimina kwenye bakuli, nikageuka.

"Limezama, mwanangu," akasema.

"Sasa hivi tu! Bado kuna mwanga!"

"Limezama."

"Miezi yote hii! Bibi, kunywa kijiko kimoja, nani anakuona?"

Akatikisa kichwa, machozi yanamtoka, anatabasamu. "Kesho."

Nilimwambia ananichukiza. Nilimwambia kwa sauti, usoni, kwamba yeye na walimu wake na vumbi lake wananichukiza. Akaitikia kwa kichwa, akanivutia kigoda. Nikaketi na lile bakuli mapajani, la moto, njaa inaniuma. Nikachota. Nikaupeleka mdomoni. Kisha nikaurudisha bakulini, nikalifunika, tuunywe wote kesho.